Ng'ombe wa Mzee Lomayani na Dalali wa Hisa

Ipo asubuhi moja ya enzi za Mjerumani ambayo mpaka leo sijaweza kuisahau, mwanangu. Nilikuwa nimesimama kwenye kibaraza cha dalali mjini Arusha. Mbele yangu yuko dalali, pembeni yuko mzee aliyeniamini, na nyuma yangu yuko mama yangu mzazi. Mama akaniuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini, na masikio yangu yakawaka kama ya mtu aliyezabwa kofi. Nitalifikia swali hilo. Mimi sina haraka, na wewe kama unayo, nenda kachote maji kwanza ndipo uje usome.

Kwanza nikwambie kilichonikumbusha. Jumapili iliyopita ulikuja hapa umevaa viatu vinavyolia, ukaniamkia vizuri, ukakaa, ukaniambia umepata kazi ya pembeni. Siku za juma unafundisha shule, lakini Jumamosi unapanda na kushuka kwa wakulima wa kahawa wenye akiba, unawapeleka kwa madalali wa hisa wa Nairobi, na kila anayenunua, nawe unapata chako. Halafu ukaanza kunieleza hisa ni nini. Ulinieleza polepole, ukitua kila baada ya neno, kama mtu anayemnywesha mtoto uji wa moto. Nikakuacha. Nilitikisa kichwa, nikasema "ahaa" kila mahali palipotakiwa "ahaa". Sikutaka kukukatisha raha. Lakini kazi hiyo, bwana mdogo, mimi niliifanya kabla mama yako hajazaliwa, na mwisho wake niliifanya nikiwa nimekaa, jambo ambalo wewe na viatu vyako hamjaliweza.

Ujue nilikuwa kijana wa namna gani. Wenzangu walipenda kutembea. Wengine walifuata misafara hadi pwani, wengine walikwenda kujenga reli, wakarudi na kofia na nyimbo. Mimi nilipenda nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa juu ya Makumira, migomba imeizunguka, na mfereji wa maji unapita nyuma ya jiko. Nikitumwa mpaka mfereji wa jirani, nilikuwa tayari nimekwisha kuukumbuka wetu. Ndiyo maana vijana wakaniita Figa, kwa sababu figa haliondoki jikoni. Walidhani wananitukana. Mimi nililiona ni jina zuri: figa lina joto, liko karibu na chungu, na halinyeshewi mvua.

Nilichokuwa nacho ni shule. Wamisheni walinifikisha darasa la juu kabisa lililokuwapo, nikajua kusoma, kuandika, na kuzungumza Kiswahili cha kitabuni ambacho kiliwafanya watu wa mjini wacheke kabla sijamaliza salamu. Na kitu cha pili, nilijua Kimaasai. Hicho sikukipata shuleni. Nilikipata kwa sababu ya Mzee Lomayani.

Mzee Lomayani alikuwa Mwarusha wa upande wa magharibi ya mlima, rafiki wa marehemu baba yangu. Urafiki wao ulikuwa wa ng'ombe. Desturi hiyo ninyi mmeanza kuisahau, kwa hiyo nivumilie. Mtu wa zamani hakufuga ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja alimwekesha kwa rafiki huku, mwingine kwa rafiki kule, ili ugonjwa ukiingia hapa, usimmalizie na wa kule. Madalali wako wakikwambia usiweke mali yote mahali pamoja, waitikie kwa adabu, lakini ujue kwamba babu yako alikunywa maziwa ya wazo hilo tangu ameota meno. Ng'ombe aliyewekeshwa aliendelea kuwa wa mwenyewe. Maziwa yalikuwa ya anayemtunza. Akizaa, mwenyewe alipelekewa habari. Akifa, mwenyewe alipelekewa ngozi, aione kwa macho yake, aseme "naam, ni yeye." Na siku yoyote mwenyewe aliweza kuja kumsalimu ng'ombe wake, akapewa chakula na mahali pa kulala, bila mtu kumwuliza ataondoka lini.

Kwetu alikuwapo ng'ombe wa Mzee Lomayani aliyeitwa Naibor, yaani Mweupe. Baba alipofariki, watu walidhani mzee atakuja kumchukua. Alikuja kweli, akakaa matanga, akamkuna Naibor shingoni, akaondoka akamwacha. Wadogo zangu walikua kwa maziwa yale. Mama alimsemesha ng'ombe yule mambo ambayo mimi mwanawe sikuambiwa.

Sasa mjini akatokea dalali mmoja Mjerumani. Jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Kofia, kwa sababu kofia yake ilitosha watu wawili kujikinga mvua. Huyu hakuwa na kampuni. Kampuni ilikuwa ya wenzake, waliopata ardhi kubwa ya malisho upande wa Momela, na yeye kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu wa kuingia ndani kwa kununua hisa. Wazungu walinunua kwa rupia. Sisi tuliambiwa tunaweza kununua kwa ng'ombe, maana kampuni ilitaka ng'ombe waliozoea baridi ya mlima. Mtu analeta ng'ombe, anathaminiwa, anapewa cheti kwamba ana hisa. Bwana Kofia alikaa katikati ya kampuni na mwenye ng'ombe. Naye alitaka mtu anayejua Kiswahili na Kimaasai wa kukaa katikati ya hiyo katikati, awaambie watu habari zile na kuwaleta mpaka kibarazani. Akaja misheni kuuliza. Mwalimu akaninyooshea kidole.

"Si kazi ya kila siku," Bwana Kofia akaniambia. "Siku unayotaka, unafanya. Siku hutaki, unakaa kwako."

Hayo maneno "unakaa kwako" ndiyo yaliyoninasa. Mtu mwingine angeuliza ujira. Mimi nilikwisha kubali.

Tulikuwa wawili tulioajiriwa hivyo. Mwenzangu aliitwa Elia, niliyesoma naye. Elia alikuwa na miguu isiyochoka, na mdomo ulioifuata miguu kwa karibu. Kila boma alilopita, aliwaambia watu: "Ni kama kumwekesha ng'ombe kwa rafiki, isipokuwa rafiki mwenyewe ni Mzungu, tena tajiri." Watu walielewa mara moja. Nani asiyetaka rafiki tajiri? Wakamletea Bwana Kofia ng'ombe mpaka majirani wake mjini wakalalamikia kinyesi. Mimi wakati huo nilikuwa nakata majani ya migomba, sijamleta hata mbuzi.

Elia akapita kwetu siku moja, akanikuta nimekaa kando ya mfereji. "We Figa," akasema, "unangoja wateja waote kama uyoga?"

"Mvua ikinyesha huenda wakaota," nikamjibu.

"Basi angalia usije ukaota wewe."

Nilicheka, lakini iliniuma kidogo. Na Bwana Kofia alikuwa ameniahidi kitu: nikimletea mtu mwenye ng'ombe wa kutosha, nitapewa mtamba, jike changa ambalo bado halijazaa, wangu mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuwa na ng'ombe wangu. Nilianza kumwona mtamba huyo hata ninapokula.

Wateja waliota. Mzee Lomayani alikuja mwenyewe, na fimbo yake, na shuka lake jekundu limekolea vumbi. Niliinama, akaniwekea mkono kichwani, tukakaa. Alikula ndizi akamaliza, akafuta mdomo, ndipo akasema.

"Ero," akaniita, ndivyo wanavyowaita vijana, "nasikia una rafiki mpya anayefuga."

"Ni Bwana wa mjini, mzee wangu. Ni kazi tu."

"Rafiki yako ni rafiki yangu. Nataka nimwekeshe ng'ombe. Wale niliowatenga kwa mahari ya kijana wangu, wako wanne, wamekaa tu. Na nataka kuanza na Naibor, kwa sababu yeye amezoea kukaa kwa watu."

Jikoni kifuniko cha chungu kikaanguka chini. Mama hakutoka. Angesema nini? Ng'ombe alikuwa wa mzee. Baadaye alikuja na maziwa kwenye kibuyu, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, akasema, "Basi nami nitakwenda mjini. Nataka nimwone huyo atakayemkamua."

Usiku ule, mwanangu, nilijipa maneno mazuri sana. Nilijiambia kwamba Naibor akiondoka, nitamletea mama mtamba wangu, kwa hiyo hakuna atakayekosa. Nilijiambia kwamba mzee ni mtu mzima, anajua anachotaka. Nilichokataa kukiona ni kwamba hakujua. Alidhani anakwenda kupata rafiki. Na ng'ombe wa mahari wakipotea, kijana wake haoi, na urafiki wa nyumba mbili, ule baba aliotuachia wenye thamani kuliko hata shamba, unakufa kwa mkono wangu. Hilo ndilo lililokuwa njiani kwenda mjini siku ile. Ng'ombe bado tuliwaacha nyumbani. Tulikwenda kwanza kuzungumza.

Sikuelezi safari, maana mpaka leo nikiikumbuka visigino vinauma. Tulivuka mito, tukapita mashamba, na mama aliyekuwa ametutangulia akawa anageuka kila mara kunicheka. "Wee baba, njoo, mlima haukufuati." Tulipofika mjini nikawa nimekwisha kuona kwamba hata paradiso ikiwa mbali hivi, mimi nitabaki Makumira.

Bwana Kofia alikuwa amepanga kibaraza cha duka la Mhindi mmoja, ana meza na viti viwili. Alifurahi kutuona. Alimpa mzee kiti, akamtazama mama, akatazama kiti cha pili, akakikalia mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapagazi, lakini kilieleweka. Mzee aliuliza kwa Kimaasai, mimi nikakigeuza Kiswahili, na majibu nikayarudisha.

"Mwulize," mzee akasema, "Naibor akizaa, atamtuma nani aje kuniambia?"

Nikauliza. Bwana Kofia akacheka, kofia ikatikisika. "Hapana kumwambia mtu mmoja mmoja! Ng'ombe wake akiingia si wake tena, ni wa kampuni. Ndama ni wa kampuni. Maziwa ya kampuni. Yeye ana hisa. Mwisho wa mwaka kampuni inahesabu. Kuna faida, anapata. Hakuna faida, hapati. Kuna hasara, ni hasara yake pia. Hataki tena, mimi natafuta mtu wa kununua hisa yake. Mtu hapatikani, anangoja." Halafu akainama upande wangu. "Lakini wewe mwambie vizuri. Usimtishe."

Nikamgeukia mzee. Mtamba wangu alikuwa amesimama pale pale kibarazani, naapa nilimwona.

"Anasema Naibor atatunzwa vizuri," nikasema.

Mzee akaridhika. "Na akifa, ngozi ataniletea yeye, au nitaifuata?"

Bwana Kofia aliposikia ngozi, alishika kichwa. "Ngozi gani? Ngozi zinauzwa! Simba akila kumi, ugonjwa ukiua ishirini, ni wa watu wote, hakuna kusema huyu wangu, huyu wako. Nani atajua ngozi ya nani?"

"Anasema," nikamwambia mzee, "hapendi kabisa afe."

Hapo ndipo mama aliponisogelea. Mama hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi. Lakini alinijua mimi. Akaniuliza kwa Kimeru, kwa sauti ile anayoitumia akiwa na hasira kweli, ambayo ni ndogo kuliko ya kawaida: "Wee baba. Bwana ametoa maneno ya kujaza gunia, wewe umempa mzee ya kujaza kijiko. Mengine umeyaweka wapi?"

Nilitazama dari ya kibaraza. Kulikuwa na kiota cha mbayuwayu, nikakichunguza kama fundi.

"Huyu mzee hakumfuata Bwana," mama akaendelea. "Bwana hamjui, hata jina lake hawezi kulitamka. Amekufuata wewe. Maneno unayomficha leo, kesho atakuja kuyatafuta kwetu, na mimi ndiye nitakayemfungulia mlango."

Mzee Lomayani alielewa Kimeru vizuri sana. Hakukasirika. Alinitazama tu, mwanangu, kama mtu anayemngoja mwenzake avuke mto. Ningefurahi zaidi kama angenichapa fimbo.

Nikavuta pumzi, nikakaa chini kwenye ngazi ya kibaraza, maana jambo la kweli siliwezi nikiwa nimesimama. Nikamwomba Bwana Kofia arudie yote tangu mwanzo. Akarudia, akinung'unika. Nami nikamwambia mzee yote, sasa kwa Kimeru ili mama naye asikie: kwamba ng'ombe akiingia hatoki, kwamba hakuna salamu, hakuna dang'a, yale maziwa ya kwanza akizaa, hakuna ngozi, hakuna kulala kwa rafiki. Kwamba kuna mwaka wa kupata na mwaka wa kukosa, na hakuna anayejua upi utatangulia. Nilimwambia hata kwamba akikubali, mimi nitapewa mtamba.

"Mtamba?" mama akasema.

"Mtamba," nikasema.

"Ahaa." Yeye aliisema vizuri kuliko ninavyokusemea wewe.

Mzee aliuliza maswali mpaka jua likahama upande wa pili wa kibaraza. Bwana Kofia alivuta kiko chake akajaza tena akavuta. Mwishowe mzee akaanza kucheka, kwanza mabega tu, halafu tumbo.

"Kumbe si kumwekesha ng'ombe," akasema. "Ni kumwoza. Amekwenda kwa mumewe, umebaki kuomba wamtunze. Basi Naibor simwozi, bado namhitaji pale alipo. Na hawa wanne wa kijana wangu hawawezi kuolewa kabla kijana hajaoa." Akafikiri. "Lakini ninalo lile dume langu lenye madoa. Mwambie Bwana, lile linaruka kila boma, limekula migomba ya watu, limempiga pembe shemeji yangu. Hilo nampa. Likileta faida, nitakula. Likipotea, nitalala usingizi, na shemeji atalala zaidi."

Nikamfasiria Bwana Kofia neno kwa neno, pamoja na shemeji. Nilikuwa nimekwisha anza, sikujua tena wapi pa kukata. Bwana Kofia akaweka kiko mezani. Hapo hapo mtamba wangu akaanza kwenda zake polepole, sikumwona tena kwa miaka.

"Figa," akasema, "kwa namna hii utaniletea watu wachache sana."

"Ndiyo, Bwana," nikamjibu. "Hata kutembea sipendi."

Tukarudi nyumbani. Mama hakunisema tena njia nzima, ila tulipoanza kupanda Makumira alianza kuimba puani, na tulipofika alikwenda kwanza zizini kabla ya kwenda jikoni. Nilimsikia akimweleza Naibor habari zote, na mahali pangu katika habari zile hapakuwa pa heshima sana.

Ungefikiri kazi yangu iliishia hapo. Mimi pia nilifikiri hivyo, tena bila huzuni. Lakini mvua zilipokwisha, wale watu wa Elia wakakumbuka kwamba wana rafiki mjini. Si wameambiwa ni kama kumwekesha ng'ombe? Basi wakaenda kuwasalimu ng'ombe wao. Walikwenda kama inavyopasa, wazee kwa akina mama, na vibuyu vya maziwa ya mgando, na asali, na mmoja na kondoo mnono. Wakajaa kibaraza cha Bwana Kofia, wakaketi, wakangoja kupewa chakula na kuonyeshwa pa kulala. Bwana Kofia akanywa kibuyu cha kwanza kwa adabu. Cha pili akakinywa kwa woga. Walipoanza kumwuliza ng'ombe mmoja mmoja, yule mwenye pembe iliyopinda hali gani, yule kilema amezaa nini, akaingia ndani. Watu wanasema alijaribu kutoka kwa dirisha la nyuma, na kofia ikakataa kupita. Mimi sikuwapo, lakini naamini.

"Rafiki gani huyu," mzee mmoja akauliza, "asiyejua ng'ombe wangu ana doa wapi?"

Elia alitafutwa. Alikuwa amekwenda kumwuguza shangazi yake, shangazi ambaye mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumsikia.

Nikaitwa mimi. Nililalamika njia nzima, lakini nilikwenda. Nikakaa kwenye ngazi ile ile, nikawaeleza watu yale niliyomweleza Mzee Lomayani, bila kupunguza. Haikuwa siku nzuri. Mama mmoja alilia kama aliyefiwa, maana alidhani ng'ombe wake anamngoja huko Momela. Bwana Kofia, nimpe haki yake, hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu na maziwa. Waliotaka kutoka, aliiandikia kampuni warudishiwe ng'ombe wao. Wengi walipata. Wachache ng'ombe wao walikuwa wamekwisha chinjwa, wakapewa wengine wasiowajua, wakarudi nao nyumbani kama watu waliorudishiwa mtoto asiye wao. Mmoja wa hao hakumsalimu Elia tena mpaka Elia alipozikwa, na walikuwa majirani, mwanangu, wanachota maji mfereji mmoja.

Tangu hapo Bwana Kofia akatoa amri: hakuna mtu mweusi wa kununua hisa kabla hajapita kwa Figa. Dalali mwingine, Mgiriki, aliyekuwa akiuza hisa za mashamba ya mpira, akasikia, naye akaanza kuwaleta wake. Ndivyo nilivyofanya kazi ya madalali wawili nikiwa nimekaa kando ya mfereji wetu. Asubuhi migomba, mchana maswali. Watu walikuja, nikawaeleza, nusu yao wakanywa maji wakarudi kwao. Nusu iliyobaki walikwenda mjini wakijua wanachokwenda kufanya, na hao hawakurudi kumsumbua mtu. Ujira ulikuwa mdogo. Lakini hakuna siku niliyobadili njia ili nisikutane na mtu, kwa sababu kwanza sikuwa na njia. Nilikuwa nyumbani.

Halafu vita vikaja. Kampuni ikavunjika, ng'ombe wakachukuliwa na majeshi, Bwana Kofia akaondoka na wenzake, na vyeti vya hisa vikawa karatasi za kuwashia moto. Habari hizo zilipofika kwetu, kila nikisikia nyayo njiani, nilisimama kuangalia. Nilikuwa nimewaeleza watu wote kwamba hasara inaweza kuja. Lakini kueleza hasara na kuiona ni vitu viwili, nami nilijua mtu mwenye uchungu hakumbuki yote aliyoambiwa.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Lomayani. Nikainama, mkono wake ukakawia kidogo kufika kichwani mwangu, au niliona hivyo kwa woga. Akaketi. Akala. Akafuta mdomo.

"Ero," akasema, "nasikia dume langu limekwenda vitani."

"Ndiyo, mzee wangu. Pole sana."

"Nawaonea huruma askari. Lile halichagui upande, litawapiga pembe wote."

Tukacheka, mama huko jikoni akacheka zaidi yetu. Mzee alilala kwetu siku ile, na siku iliyofuata, na hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Kijana wake alioa baada ya vita kwa ng'ombe wale wale wanne na watoto wao. Nilikula harusi ile mpaka nikashindwa kuinuka, jambo ambalo kwangu si gumu.

Sasa nikurudie wewe. Sikukatazi kazi yako. Ni kazi halali, na akiba ya kahawa inayolala chini ya kitanda inaliwa na mchwa. Lakini mkulima wa Sokon au wa Poli hatamfuata dalali wa Nairobi asiyemjua sura. Atakufuata wewe, kwa sababu anamjua mama yako na umemfundishia watoto. Ndiyo mtaji wako wote huo, na wewe ndiye unayeuweka mezani kila Jumamosi, si yeye tu. Kwa hiyo mpe maneno yote aliyoyatoa dalali, hata yale yatakayomrudisha nyumbani. Hayo hasa. Usimwambie hisa ni kama kitu fulani anachokipenda ili akubali upesi; mwambie hisa ni hisa. Mwambie na wewe unapata nini akinunua, tena umwambie mapema, kabla mama yake au mkewe hajakuuliza. Mwulize ni fedha gani hiyo aliyoishika: kama ni ada ya mtoto au mahari ya kijana, mwambie arudi nayo, kama ni ile ambayo hata ikipotea atalala, mpeleke. Na ukiona maneno yako yamekuwa mafupi kuliko ya dalali, simama hapo hapo ujiulize mengine umeyaweka wapi. Utapata wateja wachache. Viatu vyako vitadumu.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akubarikie miguu yako, ambayo imeizidi yangu kwa mbali, na akubarikie zaidi ulimi wako. Akupe wateja wenye maswali mengi na dalali mwenye subira ya kuyajibu. Na siku hisa zitakaposhuka, kwa maana zitashuka, akujalie kwamba mtu akibisha hodi mlangoni kwako, uitikie "karibu" kabla hujajua ni nani.